Wamarekani wanapenda soka, ila si sana ligi yao

Tarehe 17 Juni 2025, jijini Orlando, Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini ilikutana na Ulsan ya Korea Kusini kwenye Kombe la Dunia la Klabu. Sundowns wakashinda 1-0. Kwa hesabu rasmi, waliokuwa jukwaani ni watu 3,412. Mechi ya ndondo Dar es Salaam, ile ya kugombea mbuzi, inaweza kukusanya watu hao bila hata bango moja kubandikwa. Chini ya mwezi mmoja baadaye, Julai 13, fainali ya mashindano hayo hayo ikapigwa New Jersey, Chelsea dhidi ya Paris Saint-Germain, mbele ya watu 81,118.

Anayeshikilia namba ya kwanza atakwambia Wamarekani hawana habari na mpira. Anayeshikilia ya pili atakwambia wamekolea. Kila mmoja ana ushahidi mkononi, ndiyo maana ubishi huu haufi, iwe kijiweni au kwenye magrupu ya WhatsApp.

Mimi naona kasoro iko kwenye swali lenyewe. Tunapouliza "soka lina umaarufu gani Marekani?" tunatia maswali matatu kwenye gunia moja: wanaocheza ni wangapi, wanaoangalia ni wangapi, na hao wanaoangalia wanaangalia nini hasa. Hilo la tatu ndilo lenye mambo.

Tumalize kwanza la jina, maana kuna watu hawawezi kuendelea na mazungumzo kabla ya kumcheka Mmarekani kwa kuuita mpira wa miguu "soka". Neno hilo ni la Waingereza. Vijana wa Oxford wa karne ya 19 walilichonga kutoka kwenye neno "association", na Uingereza ikaendelea kulitumia bila aibu karibu karne nzima, mpaka walipoanza kuliona la Kimarekani wakalitupa. Sisi tulilipokea kutoka kwao na tunalo hadi leo kwenye kurasa za magazeti. Kwa hiyo kabla ya kumcheka mwenzako, angalia unavyoongea. Mchezo wao wa kofia ngumu na mpira wa umbo la yai hapa nitauita futiboli, ili tusichanganyane.

Tuanze na ukubwa wa hiyo futiboli, maana ndiyo mwenye nyumba. Fainali ya futiboli, Super Bowl, ya Februari 2025 iliangaliwa na watu wapatao milioni 127.7 ndani ya Marekani. Mwaka 2023, katika matangazo 100 yaliyoangaliwa kuliko yote kwenye runinga za nchi hiyo, 93 yalikuwa mechi za NFL, ligi kuu ya futiboli. Hapo wamehesabu kila kitu, pamoja na habari, tamthilia na hotuba ya rais.

Shirika la kura za maoni la Gallup limekuwa likiwauliza Wamarekani kwa miongo mingi ni mchezo gani wanaopenda kuutazama kuliko yote. Mwishoni mwa 2023, asilimia 41 walitaja futiboli, 10 besiboli, 9 mpira wa kikapu, na 5 soka. Mwaka 2017 soka lilikuwa na 7. Wengi wakiona hiyo 5 wanafunga jalada. Lakini swali la Gallup linataka jibu moja. Ukiwauliza Watanzania chakula wanachokipenda kuliko vyote, pilau itaongoza na maharage hayatatajwa na yeyote. Sasa pita majumbani siku ya Jumanne ufunue masufuria.

Ukitazama macho yalikoelekea badala ya midomo ilichosema, picha inabadilika. Fainali ya Kombe la Dunia 2022, Argentina na Ufaransa, ilipata Marekani watazamaji wapatao milioni 26 ukijumlisha Fox ya Kiingereza na Telemundo ya Kihispania. Fainali za NBA, ligi ya kikapu, za 2024 zilipata wastani wa milioni 11 hivi kwa mechi, na zile za besiboli mwaka huo karibu milioni 16. Ni kweli, mizani haiko sawa: fainali ya Kombe la Dunia ni moja kila miaka minne, na hizo nyingine ni mfululizo wa mechi kila mwaka. Ila mchezo wa asilimia 5 hautakiwi kufika huko kabisa.

Viwanjani nako kuna mtego. MLS, ligi kuu ya soka ya huko, mwaka 2024 ilikuwa na wastani wa watu kama 23,000 kwa mechi. Huo ni wastani mkubwa kuliko wa NBA, ulio kama 18,000, na kuliko wa hoki ya barafu. Mashabiki wa MLS hupenda sana kuitaja namba hiyo. Wasichosema ni kwamba ukumbi wa kikapu una viti 18,000 au 20,000 basi, huwezi kuwapakata watu. Na kwamba timu ya NBA inacheza mechi 82 kwa msimu, ya MLS 34. Besiboli ndiyo balaa: mechi 162 kwa kila timu, tiketi zaidi ya milioni 70 kwa mwaka. NFL wana wastani wa karibu 70,000, lakini timu inacheza nyumbani mara nane au tisa tu, kwa hiyo kila mechi ni kama sikukuu.

Sasa tufike kwenye fundo lenyewe. Ligi inayoingiza watu 23,000 uwanjani ungetegemea iwe na mamilioni kwenye runinga. Haina. Fainali ya MLS ya 2023 na ya 2024, zikiwa bure kabisa kwenye Fox, hakuna iliyofikisha watazamaji milioni moja. Hao milioni 26 wa fainali ya 2022 walikwenda wapi?

Hawakwenda popote. Wako kwenye soka, ila kwenye soka la watu wengine.

Shemeji yangu anaishi Columbus, Ohio. Mara ya kwanza alipotafuta pa kuangalia Arsenal, alielekezwa baa moja katikati ya mji, akaambiwa awahi kwa sababu mechi inaanza saa moja na nusu asubuhi kwa saa za kule. Alikwenda huku anajishuku. Akakuta watu wamejaa hadi mlangoni, nje baridi inakata masikio, ndani wanaimba nyimbo za Emirates neno kwa neno kwa lafudhi ya Ohio, wengine na bia, wengine na kahawa na mayai. Mwanzo alidhani ni wahamiaji. Wengi walikuwa wazaliwa wa pale pale. Baada ya mechi akamuuliza jirani yake kama jioni atakwenda kuangalia timu ya mji, Columbus Crew. Jamaa akamjibu kwa upole kwamba Crew ni wazuri, watoto wake wanawapenda.

Columbus inafaa kutazamwa kwa karibu, maana yote haya yamo ndani ya mji mmoja. Ndiko ulikojengwa, mwaka 1999, uwanja wa kwanza wa MLS uliokusudiwa soka tupu. Mwaka 2017 mmiliki alipotangaza nia ya kuihamishia timu Austin, Texas, mashabiki waligoma, wakaandamana, wakapiga kelele mpaka ikapata wamiliki wapya na kubaki. Sasa ina uwanja mpya wenye nafasi ya watu kama 20,000, na ilitwaa ubingwa 2020 na 2023. Huwezi kusema mji ule hauipendi timu yake. Lakini mji huo huo una uwanja wa chuo kikuu, Ohio State, unaoingiza zaidi ya watu 100,000, nao hujaa kuangalia wanafunzi wakicheza futiboli.

Shabiki wa MLS, basi, ni mtu wa timu ya mtaani kwake. Anakwenda uwanjani na ngoma yake, anarudi nyumbani, na hajali Seattle na Nashville wamefanyaje. Mpenzi wa soka wa kwenye runinga ni mtu mwingine kabisa: asubuhi anaangalia Uingereza, katikati ya wiki Ligi ya Mabingwa Ulaya, na akiwa mwenye asili ya Mexico usiku anaangalia Liga MX, ligi kuu ya Mexico. Hiyo Liga MX kwa miaka mingi ndiyo ligi ya soka iliyoangaliwa kuliko zote Marekani, kuzidi ya Uingereza na kuzidi ya Wamarekani wenyewe. Watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini ni karibu moja ya tano ya wakazi wa nchi hiyo, na anayepima umaarufu wa soka kwa chaneli za Kiingereza peke yake anapima gunia kwa kulishika pembe moja.

Fedha zinasimulia hayo hayo. NBC, kituo cha runinga cha Marekani, iliripotiwa kuilipa Ligi Kuu ya Uingereza kama dola bilioni 2.7 ili kuonyesha mechi zake kwa misimu sita kuanzia 2022. Apple nayo ilikubaliana na MLS bilioni 2.5, lakini kwa miaka kumi. Piga hesabu kwa mwaka: ligi ya Uingereza inapata Marekani karibu mara mbili ya inachopata ligi ya nyumbani. Na kabla hujamhurumia yeyote, NFL wao wana mikataba inayozidi dola bilioni 100 kwa miaka 11.

Msomaji wa Nairobi hapa hahitaji kuelezwa. Matatu zimechorwa Arsenal na Manchester United kutoka bamba hadi bamba, huku mechi nyingi za ligi ya nyumbani zikichezwa mbele ya viti vitupu. Anayesoma akiwa Dar, ambako Simba na Yanga wakikutana mji unasimama, ndiye atakayepata shida kidogo kuelewa. Kwa hili MLS iko upande wa Nairobi.

Mmarekani ana sababu yake ya ziada. Yeye amelelewa kwenye mazoea kwamba ligi ya nyumbani ndiyo kilele cha dunia. Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam akapita chuo kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika wachezaji wapya wote wa NBA, kwa sababu ukitaka kucheza kikapu cha juu unakwenda Marekani, basi. Besiboli wanatoka Japani na Jamhuri ya Dominika kwenda kule. Kwenye soka mto unatiririka kinyume. Christian Pulisic, kijana wa Pennsylvania, alipoonyesha kipaji akapelekwa Dortmund akiwa na miaka 16. Mmarekani anajua kabisa kwamba anachoonyeshwa Jumamosi usiku ni daraja la pili, na hajazoea kula daraja la pili kwake.

Ushahidi mzuri wa hilo ni wanawake. Sheria ya 1972 iliyokataza ubaguzi wa jinsia kwenye elimu inayolipiwa na serikali ililazimisha vyuo kuwapa wasichana nafasi kwenye michezo, na nchi nyingine nyingi zilikuwa bado zimelala. Matokeo yake timu ya wanawake ya Marekani ikachukua Kombe la Dunia 1991, 1999, 2015 na 2019. Kwenye fainali ya 1999 pale Rose Bowl, California, waliingia watu 90,185. Ile ya 2015, Marekani 5 Japani 2, iliangaliwa na watu milioni 25.4 kwenye Fox peke yake. Walipopewa kilicho bora duniani, chenye bendera yao, waliangalia bila kusukumwa.

Kuna wanaosema Wamarekani wanakinai soka kwa sababu mabao ni machache na sare zipo. Maelezo haya siyaamini sana. Besiboli inaweza kwenda saa tatu ikaisha 2-1, na kuna wakati unaona mtu anatafuna mbegu za alizeti dakika nzima. Hao waliojaa baa ya Columbus saa moja na nusu asubuhi hawakuwahi kulalamikia sare.

Kilichoiumiza soka zaidi, kwa maoni yangu, ni saa mbaya na matangazo ya biashara.

La matangazo ni rahisi. Mechi ya NFL huchukua saa tatu na zaidi, na mpira wenyewe huwa hai kama dakika 11 tu. Zilizobaki ni kujipanga, marudio, na nafasi tele za kuuza magari na bia. Soka linakwenda dakika 45 bila pumzi. Kwa miongo mingi, mkuu wa kituo cha runinga akiitazama mechi ya soka alikuwa anaona saa nzima ambayo hawezi kuuza kitu.

La saa mbaya ndilo la kusikitisha, kwa sababu soka lilikuwepo mapema. Katika miaka ya 1920 Marekani ilikuwa na ligi ya kulipwa ambayo ilikuwa ikiwavuta wachezaji wa Scotland wavuke bahari kwa ajili ya mshahara. Kulikuwa na Bethlehem Steel, timu ya kiwanda cha chuma cha Pennsylvania, na Fall River Marksmen kutoka mji wa viwanda vya nguo Massachusetts. NFL yenyewe, iliyozaliwa 1920, wakati huo ilikuwa inahangaika na timu za miji midogo. Mchezaji wa kwanza kufunga mabao matatu katika mechi moja ya Kombe la Dunia alikuwa Mmarekani, Bert Patenaude, mzaliwa wa Fall River, dhidi ya Paraguay mwaka 1930. Marekani ilifika nusu fainali.

Halafu wakagombana. Mwaka 1928 ligi na shirikisho walivutana juu ya kombe la taifa: ligi ilitaka timu zake zisishiriki kwa sababu lilivuruga ratiba, baadhi ya timu zikaasi zikashiriki, ligi ikazifukuza, shirikisho nalo likaifungia ligi na kusaidia kuanzisha nyingine. Walipatana Oktoba 1929. Mwezi huo huo soko la hisa la New York likaporomoka. Viwanda vilivyokuwa vikizilea timu vikaanza kufunga milango, na kufikia 1933 ligi haikuwepo tena. Mafahali wawili waligombana, na nyasi hazikuota tena kwa miaka arobaini. Ndani ya miaka hiyo futiboli ikakutana na runinga, wakapendana, na ilipofika 1972 ilikuwa imeipiku besiboli kwenye kura za Gallup.

Jaribio la pili mnalijua. Pelé alitua New York Cosmos mwaka 1975, akafuatwa na Beckenbauer, na mwaka 1977 mechi moja ya Cosmos ikaingiza watu 77,691. Ligi hiyo ya pili ikavimba hadi timu 24, kila mmiliki akitaka Pelé wake, na baada ya msimu wa 1984 ikafa. MLS ilipoanza 1996, kufuatia Kombe la Dunia la 1994, ilikuwa na woga wa aliyeng'atwa na nyoka. Mishahara ikabanwa, timu haishuki daraja, na ili kumbembeleza Mmarekani asiyependa sare wakaweka utaratibu wa ajabu: mechi ikiisha sare, mchezaji anaanza na mpira yadi 35 kutoka golini, ana sekunde tano za kumkabili kipa. Mpenzi wa soka aliona wanamchezea shere, na asiyependa soka hakuja. Wakaachana nao baada ya msimu wa 1999.

Tangu hapo wamejenga taratibu. Toronto iliingia MLS mwaka 2007 kwa ada ya dola milioni 10. San Diego, iliyoanza kucheza 2025 kama timu ya 30, ililipa milioni 500. Wanaonunua wanaamini kitu fulani kinakuja.

Kuhusu wanaocheza sitakaa sana, maana hapo hakuna ubishi: shule za sekondari pekee zina wachezaji wa soka zaidi ya laki nane, wavulana na wasichana. Ubishi uko kwenye nani anayefika juu. Kwetu mpira ni mchezo wa asiye na kitu, ukiwa na makaratasi na kamba umeshapata chandimu. Kule soka la vijana limekuwa la wenye nafasi: ada ya klabu, ada ya mashindano, jezi, safari za jimbo hadi jimbo, mama na gari kubwa la familia, viti vya kukunja pembeni ya uwanja. Mtoto wa mhamiaji anayelipwa kwa saa anabaki akicheza maegesho ya magari.

Mmoja aliyepenya ni Bernard Kamungo. Amezaliwa Kasulu, Kigoma, familia yake ya wakimbizi kutoka Kongo, akakulia kambi ya Nyarugusu, na mwaka 2016 wakahamishiwa Abilene, Texas. Hakupita kwenye klabu yoyote ya ada. Kaka yake alimlipia ada ya majaribio ya wazi ya timu ya pili ya FC Dallas, ile ambayo yeyote anaruhusiwa kuja na viatu vyake, naye akachukuliwa. Januari 2024 alivaa jezi ya timu ya taifa ya Marekani dhidi ya Slovenia.

Lakini kabla ya hapo, Agosti 6, 2023, Inter Miami walikuja Frisco, Texas, kucheza na Dallas. Messi alikuwa hajamaliza hata mwezi tangu aanze kuichezea Miami, na kila mji aliokanyaga ulikuwa unagombea tiketi. Shemeji alikuwa amejiunga na Apple kwa ajili yake tu. Messi akafunga la kwanza mapema. Dallas wakasawazisha, na dakika ya 45 Kamungo akaweka la pili. Mechi ikaisha 4-4, Messi akisawazisha kwa mpira wa adhabu dakika ya 85, na Miami wakashinda kwa penalti.

Niliamka asubuhi nikakuta ujumbe wa shemeji. Yule bwana, mwaka wa tisa Marekani, hapitishi wikiendi bila mechi mbili tatu, na kwao ni Kigoma. Alikuwa ameandika: "Huyu dogo wa Kasulu katokea wapi?"